Sinia la Maji Chini ya Mkunazi

Mume wangu alianguka chini ya mkunazi wa nyumba yetu hapa Al Amerat, asubuhi, jagi la maji likiwa mkononi. Nilikuwa dirishani jikoni naosha vyombo, nikamwona anainama kama mtu anayeokota kitu. Sikushtuka. Kila siku alikuwa akiinama pale. Ndege waliruka wote pamoja, wakatua juu ya ukuta, na yeye hakuinuka.

Nimelitanguliza hili ili nisiwe nimeficha kitu. Alikuwa akiwapa ndege maji, na joto lilikuwa limeshapanda. Daktari alisema ni moyo, ungeweza kusimama hata angekuwa kitandani. Mwanangu wa kiume anasema ni ndege. Mimi sijui. Nilisoma hadi darasa la saba, na hata ningesoma zaidi sidhani kama ningejua.

Mume wangu alikuwa dereva wa magari makubwa ya serikali mpaka alipostaafu. Alipostaafu, akakosa cha kuendesha, akaanza kuwaendesha ndege. Alichukua sinia letu la zamani, lile tulilokuwa tukipakulia pilau ya shughuli, likiwa limetoboka pembeni, akaliziba, akaliweka chini ya mkunazi. Ndani alipanga kokoto za bondeni ili ndege wadogo wapate pa kusimama wasizame. Kandoni akatandika kipande cha bati cha kumwagia chenga za mchele na mtama, na makombo ya tende.

Hakuwa mtu wa maneno laini, hata kwa ndege. Akitoka na jagi utamsikia:

"Njooni, wezi nyie. Njooni mle mali ya watu."

Wakija shomoro, tetere na shore, anasimama kando anawasema mmoja mmoja. Kunguru hakuwapenda. Alisema wametufuata kutoka Unguja mpaka huku kwa Waarabu, hawana viza. Lakini nao walikunywa, kwa sababu kunguru haombi ruhusa.

Anayeishi hapa anajua joto letu. Mwezi wa sita upepo wa gharbi unaposhuka kutoka bara, unafungua mlango na unarudi nyuma kama umefungua tanuri. Maji ya bomba la baridi yanaunguza, kwa sababu tangi liko juu ya dari juani. Tunazima hita na kuyatumia maji yaliyomo ndani yake, hayo, kwa kuwa yamekaa kivulini, ndiyo yanakuwa na nafuu. Milima inayotuzunguka ni mawe matupu, haina tone. Ndege anayekaa hapa wakati huo anategemea viyoyozi vinavyodondosha maji, au mtu.

Kwa hiyo mume wangu aligandisha maji kwenye friza, katika makopo ya aiskrimu, na kila asubuhi aliweka bonge moja la barafu katikati ya sinia. Binti yetu ameolewa kwenye nchi za baridi. Mwaka uliotangulia alitutumia video wakati wa theluji: amevaa koti kama godoro, anamwaga maji ya moto kwenye bakuli la bustanini ili barafu ivunjike na ndege wapate kunywa, kisha anatundika mafuta na karanga kwenye tawi lisilo na hata jani. Baba yake aliitazama video ile mpaka simu ikazima. Akamrekodia sauti:

"Wewe huko unavunja barafu ndege wanywe, mimi huku natia barafu ndege wanywe. Tumezaliana wendawazimu."

Mimi nilikuwa nikicheka tu. Sikuwa nikiwapenda ndege wala kuwachukia. Kazi yangu ilikuwa kulalamika kwamba makopo yamejaa friza na samaki hana pa kukaa.

Alipofariki tulimzika siku ile ile. Nyumba ikajaa watu, na siku zote za matanga hakuna aliyekumbuka sinia. Watu walipoondoka, nilikaa dirishani pale pale jikoni. Sinia lilikuwa kavu, kokoto zimekuwa nyeupe. Tetere mmoja alikuwa juu ya ukuta, mdomo wazi, mabawa ameyaachia kama nguo iliyoanikwa vibaya. Halii, haruki, anahema tu. Nikafungua friza. Makopo ya barafu aliyoyagandisha mwenyewe yalikuwa bado yamo.

Nikachukua moja, nikatia maji ndani ya jagi, nikatoka.

Wifi yangu, dada wa marehemu, ndiye aliyekuja kukaa nami edani. Ndivyo ilivyo kwetu: mjane anakaa ndani miezi minne na ushei, hajipambi, hajitii manukato, hatoki bila haja, wala hachanganyiki na wanaume wasio maharimu wake, na mtu wa familia anakaa naye. Wifi ni mtu mwema na mkali. Aliniona mlangoni na jagi akapiga ukelele.

"Wifi! Unakwenda wapi na wewe u edani?"

"Uwani."

"Uwani ni nje."

"Uwani ni nyumba. Kuna ukuta na geti."

"Na majirani wana ghorofa! Wakikuchungulia je?"

"Wataona kizee kimejifunika kinatia maji kwenye sinia. Kama kuna wa kutamani hapo, Mungu amponye."

Jirani mmoja aliyekuwa amekuja kutoa pole alicheka mpaka akajishika mbavu. Akamwambia wifi, "Sasa utaogopa na madume ya tetere yasimwone?"

"Cheka tu," wifi akamjibu. "Bibi yetu Unguja alipokaa eda alikatazwa hata kumtazama jogoo. Na hakufa kwa kutomtazama."

Nataka ieleweke kwamba eda niliikalia kwa moyo wangu wote. Sikutafuta njia ya kuikimbia. Sikuwa na hamu ya kwenda popote, wala kumwona yeyote, na ule utaratibu ulinishika kama mkono unavyomshika mgonjwa anapoinuka. Lakini sikuweza kukaa ndani ya kiyoyozi nasoma na kumwombea maiti, huku nje viumbe alivyovizoesha mwenyewe vinakufa kiu mbele ya sinia lake. Nikamwambia wifi maneno hayo hayo. Akanuna. Kesho yake alinitolea kopo la barafu kwenye friza bila kuniangalia, akasema, "Toka upesi, urudi upesi, na ujifunike."

Tukawa hivyo. Alfajiri, baada ya sala, natoka. Sikuwa na maneno ya mume wangu ya kuwatukana ndege, nilikuwa kimya. Ndege hawakujali. Watu hupenda kusema wanyama wanahuzunika, wanamtafuta bwana wao. Mimi sikuliona hilo. Waliona maji, wakashuka. Na hilo ndilo lililonifaa, kwamba kulikuwa na jambo moja katika nyumba ile lililoendelea bila kunitazama usoni kujua kama nimelia.

Mwanangu ndiye aliyekuwa hawezi kulitazama sinia.

Yeye anakaa nasi, juu, na anafanya kazi ofisini upande wa Ruwi, kila siku anavuka mlima kwenda na kurudi. Siku ile baba yake alipoanguka, yeye ndiye aliyembeba kutoka pale chini mpaka kwenye gari. Tangu hapo akitoka asubuhi anapita upande wa pili wa ua, anazunguka, kama mkunazi una mbwa. Nilimwona, nikamwacha. Kisha akaanza maneno ya kando kando. Kwamba ndege wananyea gari. Kwamba mizizi ya mkunazi itapasua shimo la maji machafu. Kwamba wenzake wote wametia vigae uwani na paa la kuegeshea magari, ni sisi tu tunaokaa na vumbi.

"Baba," nilimwambia, maana ndivyo ninavyomwita tangu mdogo, "tungojee nimalize eda, tutazungumza."

"Hakuna cha kuzungumza, Mama. Ni mti tu."

Siku ya pili yake akalisema lililokuwa moyoni. Tulikuwa tunakula. Aliweka kijiko chini, akasema, "Angekaa ndani kwenye kiyoyozi kama watu, angekuwa hai. Ndege wamemuua, na wewe unaendelea kuwalisha."

Wifi akasema, "Astaghfirullah, mtoto we." Mimi nikamsogezea mwanangu bakuli la mchuzi. Alikuwa na uchungu, na uchungu wake una ukweli ndani yake ambao sina uwezo wa kuutoa.

Nilidhani imekwisha hapo. Kumbe mwanangu alikuwa ameshapanga. Na alipanga kwa akili: aliita watu wa kukata miti waje siku ya kazi, yeye akiwa ofisini, mimi nikiwa edani. Alijua kabisa kwamba mama yake hatotoka kusimama mbele ya wanaume wageni kabla ya eda kwisha. Wifi yangu angenizuia, heshima yangu ingenizuia, na nikija kufunguliwa mlango, mkunazi utakuwa kuni na ua utakuwa vigae. Aliifanya eda yangu kuwa kufuli.

Nilisikia geti. Kisha sauti za watu, kisha mashine ya msumeno ikakohoa na kuwaka. Nikaenda dirishani. Wanaume watatu, na mmoja ameshaweka ngazi kwenye shina. Sinia lilikuwa limesukumwa kando kwa mguu, maji yamemwagika.

Wifi alinitangulia mlangoni akapanua mikono.

"Huendi! Wanaume hao!"

"Nawaona."

"Wifi, nakusihi. Nitampigia simu mwanao. Nitawaambia mimi wasimame, kupitia dirishani—"

"Hawatosikia kwa mashine ile. Nipishe."

"Watu watasemaje?"

"Watasema mke wa fulani alitoka edani kwa ajili ya ndege. Na watakuwa wamesema kweli. Nipishe."

Sijapata kumwambia wifi yangu neno kwa sauti ile, tangu nilipoolewa. Akateremsha mikono. Nikajifunika ushungi mpaka kwenye nyusi, nikavaa buibui, nikachukua kiti cha plastiki cha jikoni, nikatoka. Sikukimbia. Nikakiweka kiti penye shina la mkunazi, chini ya ngazi, nikakaa.

Yule wa msumeno akauzima. Mkubwa wao akaja, mtu mrefu mwenye kofia ya kazi. Alipomsemesha mwenzake kwenye simu nikasikia Kiswahili, cha Kenya.

"Unasema Kiswahili?" nikamwuliza, macho yangu nimeyatazamisha chini.

Akaruka kidogo. "Kumbe Mama ni Mswahili! Habari ya asubuhi, Mama. Naomba usonge kidogo, hii kitu itaanguka."

"Ianguke."

"Itakuangukia wewe."

"Ndiyo."

Akavua kofia, akakuna kichwa. "Mama, mimi nimetumwa tu. Nimeambiwa nyumba iko sawa, hakuna mtu atatoka nje."

"Aliyekwambia ni mwanangu. Anajua siruhusiwi kutoka. Mume wangu amekufa, nipo edani. Hukutakiwa hata kuniona."

Yule mtu akageuka upesi akatazama ukuta. Namshukuru mpaka leo kwa kugeuka kule. Akasema huku akiuambia ukuta: "Pole sana, Mama. Pole. Lakini sasa nitafanya aje? Mudiri, bosi wangu, atasema nimekataa kazi. Na nikikuangushia tawi nitarudishwa kwetu leo leo, kama si jela."

"Mpigie aliyekuita. Mwambie mama yake amekaa chini ya mti."

Akapiga. Sikusikia maneno ya upande wa pili ila niliona anasogeza simu mbali na sikio. Alipomaliza alisema, "Anakuja. Amekasirika vibaya."

"Kakasirika kwa nani?"

"Kwa sisi wote, Mama. Hata mti."

Ikabidi tungoje, maana kutoka Ruwi kuja kwetu kuna mlima. Jua likapanda. Wale mafundi walikuwa wamesimama juani mbali, kwa adabu, na jasho limeloanisha mashati. Nikamwita wifi kwa sauti alete maji ya baridi. Wifi, ambaye alikuwa amechungulia muda wote, akatoka amejifunika uso mzima, anapapasa hatua kama kipofu, ameshika jagi na bilauri, akaviweka chini akakimbia ndani. Wakanywa. Kisha wakaja wakakaa kwenye kivuli cha mti waliokuja kuukata, upande wa pili wa shina, mgongo wamenipa mimi. Sikuwa na kingine cha kufanya. Nikalirudisha sinia mahali pake, nikapanga kokoto, nikatia maji yaliyobaki. Shomoro walishuka hapo hapo. Hawakuogopa watu, hawakuogopa msumeno.

Mwanangu alifika na kanzu yake ya ofisini, kofia imekaa upande. Geti alilisukuma likagonga ukuta.

"Mama, ingia ndani. Watu wanakuona."

"Wanione."

"Wewe u edani!"

"Najua nilipo. Aliyekufa ni mume wangu."

"Na ni baba yangu!" Akaonyesha chini kwa kidole, pale penye miguu yangu. "Hapa ndipo alipoanguka. Kila siku napita hapa. Kila siku, Mama! Nikifunga macho namwona. Na hawa," akaelekeza mkono kwa shomoro, "wanakunywa kama hakukutokea kitu."

Mkenya na wenzake waliinuka polepole wakaenda kusimama nje ya geti, bila kuambiwa.

Ningeweza kumkumbatia wakati ule. Kila mama angetaka. Lakini nilijua nikiinuka kwenye kile kiti, kwa sababu yoyote ile, mti umekwenda. Nikakaa.

"Baba, sikiliza," nikamwambia. "Mimi nilimwona akianguka kabla yako. Nilikuwa dirisha lile. Kwa hiyo usinifundishe mahali hapa. Unasema ndege wamemuua. Huenda. Sina elimu ya kukukatalia. Ila walikuwa na kiu, na yeye alitoka kwa miguu yake, hakusukumwa na mtu. Kama kuna aliyemuua ni joto. Sasa joto lenyewe huliwezi, halikatiki na msumeno, ndiyo umekuja kuwakata hawa wanaokufa kwa joto hilo hilo?"

Akaivua kofia, akaivaa tena.

"Na majani ya mkunazi aliyooshewa baba yako siku ya kuzikwa yalitoka dukani?"

Alikuwa anajua yalikotoka. Yeye mwenyewe ndiye aliyetumwa na waoshaji kuyachuma. Akautazama mti juu, mara ya kwanza tangu msiba. Kisha akasema kwa hasira, "Umenifedhehesha mbele ya watu," akatoka, akawaambia mafundi waondoke, na yeye akaondoka na gari lake.

Sikushinda kwa furaha. Niliingia ndani nikalala kitandani. Wifi alinikanda miguu na kunilaumu kwa wakati mmoja. Maneno yalitoka, kama nilivyojua. Mwanamke mmoja wa ukoo wetu anayekaa Ansab alipiga simu kuuliza kama ni kweli nimetoka edani nikakaa na mafundi. Nikamwambia ni kweli, na kama watarudi nitakaa tena. Akakata. Wifi alikuwa amesikia, nilidhani atanisema. Alichukua ile simu akampigia yule mwanamke mwenyewe, akamwambia, "Kwenye ua wa nyumba ya kaka yangu, mimi ndiye shahidi. Una lingine?"

Mwanangu alininyamazia muda mrefu. Alinisalimia, alinibusu kichwa kama desturi, akala, akapanda juu. Paa la kuegeshea gari alilijenga upande wa geti, mbali na mti. Ndege wakajifunza kukaa juu ya lile paa. Asubuhi nilikuwa nikimsikia anafuta kioo cha gari huku anatukana kwa maneno ambayo, nilipoyasikiliza vizuri, yalikuwa ya baba yake.

Nami kila alfajiri nilitoka na barafu yangu. Siku nyingine upepo ulikuwa mkali mpaka bonge zima liliyeyuka kabla sijarudi mlangoni. Siku nyingine nilimkuta tetere amekufa chini ya ukuta, nikamfukia. Sikuwaokoa wote, na sijui niliwaokoa wangapi. Nilitoka tu. Nilipokuwa nikiinama pale, mahali alipoinama yeye, niliogopa, sitosema sikuogopa. Nikainama na hofu yangu, nikainuka.

Eda ilipokwisha, joto lilikuwa limeanza kuvunjika. Wanawake walikuja, nikaoga, nikavaa nguo mpya, wifi akanifukiza udi, akalia. Kwetu watu hupenda kujua mjane atakwenda wapi mara ya kwanza anapotoka. Wengine walidhani nitataka kwenda kwa yule wa Ansab kupatana. Nikamwita mwanangu, nikamwambia anipeleke Ruwi.

"Ruwi kufanya nini?"

"Mtama umekwisha."

Alinitazama. Akachukua ufunguo.

Tulivuka mlima bila redio. Kwenye kioo cha mbele kulikuwa na kinyesi cha ndege kilichokauka, kimekataa kutoka, na yeye alikuwa akiendesha ameinama kidogo kukikwepa aone njia. Dukani, Mhindi wa nafaka aliniuliza nataka kiasi gani, nikamwambia gunia. Mwanangu akasimama pembeni, mikono mifukoni mwa kanzu.

"Mama," akasema, "mimi sijawasamehe."

"Sikukuomba uwasamehe. Nimekuomba ubebe gunia."